Ukuta wa Sukani Zilizopinda

Kila asubuhi Fundi alifungua lango la gereji yake kwa teke. Lango lilikuwa limepinda tangu siku lilipogongwa na lori. Yeye aliyenyoosha magari ya watu wote hakuwahi kupata nafasi ya kulinyoosha lango lake. Kinyozi hajinyoi.

Watu walimwita Nyoosha. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa na kazi moja tu. Gari lililogongwa liliingia kwake limekunjamana, likatoka limenyooka. Nyundo zake ishirini na mbili zilipangwa mezani kwa ukubwa, kama watoto wanaosubiri kupigwa picha. Shimo la kukagulia lilifagiwa kila jioni. Hakuna kitu chake kilichopotea, kwa sababu hakuna kitu alichotupa.

Hata sukani zilizopinda hakuzitupa. Kila alipobadilisha usukani wa gari, ule wa zamani aliutundika kwa msumari kwenye ukuta wa nyuma. Juu yake aliandika kwa rangi nyeupe kazi ya mwenye gari: Mwashi, Mshonaji, Mwenye Kinu. Siku moja zitafaa, alisema. Hadi wakati huo zilikuwa zimefaa mara moja. Mkewe alichukua tatu, akazibia tundu la banda la kuku. Ukutani zilibaki arobaini na moja.

Katikati ya gereji, juu ya magogo manne, lilikaa gari la porini lililoitwa Babu. Lilikuwa mali ya marehemu baba yake Fundi. Bati lake lilikuwa nene. Dashibodi yake ilikuwa ya chuma kitupu. Mikanda halikuwa nayo, kwa kuwa lilipoundwa watu hawakuwa na mazoea ya kufungwa. Mjukuu wa Fundi, mwenye miaka minne, alikuwa na mababu wawili na aliwatofautisha vizuri. Mmoja alikuwa babu wa chuma, mwingine babu wa nyama.

Mwaka mzima Fundi alikuwa akilifufua gari hilo kwa ajili ya bintiye. Binti alikuwa mkunga. Alikuwa amehamishiwa kliniki iliyo mwisho wa barabara mbovu, barabara ya mawe, kona na malori ya kokoto. Angeondoka Ijumaa pamoja na mtoto wake. Jumatatu ile Fundi alikuwa akikamilisha kitu cha mwisho. Alikuwa akichomelea ngao mbele ya Babu, ngao ya chuma cha reli, nzito kiasi cha kubebwa na watu watatu.

Mkewe alileta chai, akasimama mbali na cheche.

"Baba watoto, kwani hao wa kliniki hawatoi gari?"

"Wanatoa. Gari la porini la kisasa. Ukiligusa kwa goti linabonyea."

"Na wewe nikikugusa kwa goti hubonyei?"

"Ndiyo maana nampa mwanangu kitu kisichobonyea. Nimemwambia akatae gari lao. Amekwisha kukataa."

"Amekataa kwa akili yake au kwa heshima yako?"

Fundi alishusha kioo cha kujikinga macho, akaendelea kuchomelea. Swali lilikuwa la haki. Kelele za mashine zilimwokoa asilijibu.

Imani yake hakuiokota njiani. Aliipata kazini, na ilikuwa na ushahidi. Magari ya zamani yakigongwa yalikuja kwake na mkwaruzo, taa iliyovunjika, pengine madigadi iliyoingia ndani. Magari mapya yalikuja yamejikunja mpaka kwenye kioo. Mtu mwenye macho angeamua nini? Fundi aliamua, na alikuwa na macho mazuri sana.

Jumanne, kabla ya adhuhuri, gari la kuvuta magari mabovu liliingia mara mbili. Dereva wake, aliyejulikana kama Mvutaji, aliishi kwa ajali za wengine na hakuona haya kulisema.

"Nyoosha! Nimekuletea mlo wa leo na wa kesho."

Magari yote mawili yalikuwa ya porini, karibu sawa kwa uzito. Yalikuwa yamegongana uso kwa uso kwenye kona ya darajani. La kwanza lilikuwa la zamani, la kijani. Fundi alilijua mara moja. Lilikuwa la mfanyabiashara wa mbao, rafiki yake, ambaye watu walimwita Mbao tu. Miezi miwili nyuma Fundi mwenyewe alilifunga ngao. Siku hiyo Mbao aliipiga ngao kofi akasema, "Sasa hata mauti yakibisha hodi, yatarudi na jeraha." Walicheka sana.

Ngao ilikuwa imekwaruzwa. Taa moja ilikuwa imepasuka. Basi.

La pili lilikuwa la kisasa, jeupe. Pua yake haikuwepo tena. Boneti ilikuwa imekunjwa kama barua iliyosomwa kwa hasira, na injini ilikuwa imesukumwa chini.

"Watu je?" Fundi aliuliza.

"Mbao katoka kwa miguu yake," Mvutaji alisema. "Kaenda mpaka dirishani kwa yule wa pili kumpa pole. Huyo mwanamke wa gari jeupe, mmh. Wamembeba kwenye machela. Mweupe uso mzima kama amefunikwa sanda."

Mafundi wa jirani walikusanyika. Fundi aliweka kiganja juu ya ngao ya Mbao kama mwalimu anayeweka kiganja juu ya ubao.

"Tazameni. Hiki ni chuma. Na kile ni karatasi. Mwenye kile tumwombee."

Walitikisa vichwa. Hakuna aliyepinga. Alizunguka gari la Mbao akiorodhesha kazi: taa moja, rangi kidogo, usukani mpya, kwa kuwa wa zamani ulikuwa umepinda upande wa chini. Kazi ya nusu siku. Kisha akarudi kwa Babu, moyo wake umetulia.

Jumatano asubuhi mwanamke mmoja aliingia kwa miguu. Mkono wake wa kushoto ulifungwa bendeji. Shingoni alikuwa na alama nyekundu, ndefu, iliyoshuka hadi begani.

"Habari za kazi. Nimefuata mkoba wangu. Umo katika gari jeupe."

Fundi alivua kofia. "Pole sana kwa msiba, dada. Wewe ni nani wake marehemu?"

"Marehemu yupi?"

"Mwenye gari."

"Mwenye gari ni mimi."

Fundi alilitazama gari, kisha akamtazama mwanamke. Kimojawapo kilikuwa kinasema uongo.

"Jana walisema ulikuwa mweupe kama maiti."

"Ni unga wa mfuko wa hewa. Ulitoka katikati ya usukani kwa kishindo, ukanipokea, ukaniachia unga usoni. Wale vijana wa machela walipoona nimekaa kimya wakadhani nimekwisha. Nilikuwa nakumbuka tu kama nilizima jiko." Aliinua mkono wenye bendeji. "Hapa umeniunguza kidogo. Hapa shingoni ni mkanda. Nafundisha hesabu darasa la saba, na kesho wananingojea."

Alifungua mlango wa gari lake kwa mkono mmoja. Ulifunguka kama mlango wa kabati. Fundi aliliona jambo hilo na halikumpendeza. Pua ya gari ilikuwa imekufa, lakini chumba cha abiria kilikuwa kizima. Nguzo za pembeni zilisimama wima. Hata miwani ya mwalimu ilikuwa sakafuni, haijavunjika.

"Yule mzee wa gari la kijani anaendeleaje?" mwalimu aliuliza. "Alikuja dirishani kwangu akaniambia, pole mwanangu. Alikuwa ameshika kifua."

"Huyo hana neno. Litazame gari lake."

Mwalimu alilitazama. "Kweli," alisema. "Gari lake halina neno."

Alichukua mkoba na miwani yake, akaaga, akaondoka.

Saa nane mchana alikuja shemeji yake Fundi, mdogo wa mkewe. Alikuwa muuguzi katika chumba cha majeruhi. Kwa kawaida alipopita baada ya zamu, utani ulianza langoni. Siku hiyo aliketi juu ya tairi kabla hajasalimu. Viatu vyake vyeupe vilikuwa na madoa.

"Shemeji, naona umevuna," alisema.

"Nawe je? Huko kwenu kumelala?"

"Kwetu hakulali. Sisi ni mlango wa pili wa gereji yako. Wewe unapokea mabati, sisi tunapokea kilichokuwa ndani." Alilitazama gari la kijani. "Mbao amefariki. Leo alfajiri."

Fundi alikuwa ameshika nyundo. Aliendelea kuishika.

"Mbao alitoka kwa miguu yake."

"Na kwetu aliingia kwa miguu yake. Aliomba chai. Alituambia tusijisumbue, gari lake ni ngome. Lakini kifua chake kiligonga usukani, na usukani haukusogea. Mbavu zilivunjika kwa ndani. Damu ikawa inavuja mahali tusipopaona. Tulipoiona, ilikuwa nyingi."

"Lakini gari lake..."

"Gari lake litapona, shemeji."

Fundi alilitazama gari la kijani. Alitafuta neno, akapata lile analolipata kila mtu.

"Siku yake ilikuwa imefika."

"Siku hupangwa na Mungu," muuguzi alisema. "Ngao ulipanga wewe."

Hakuna shemeji mwingine ambaye angemwambia hivyo na kubaki ameketi. Nje kuku walikuwa wakigombana.

"Nikuulize jambo la kazi yako," muuguzi aliendelea, sasa kwa upole. "Nyundo hiyo mpini wake ni wa nini?"

"Wa mti."

"Kwa nini si wa chuma? Chuma ni imara zaidi. Hakivunjiki."

"Nilikuwa nayo moja ya mpini wa chuma, zamani. Siku nzima ukiitumia, jioni huwezi kushika kijiko. Kila pigo linapanda mpaka kwenye kiwiko."

"Na mti?"

"Mti unakula sehemu ya pigo. Halifiki lote..."

Muuguzi hakummalizia sentensi. Alijua mtu huamini zaidi anachokisema mwenyewe.

"Pigo lazima liliwe na kitu," Fundi alisema taratibu.

"Lazima. Gari likiwa mbioni nawe uko mbioni. Gari likisimama ghafla, wewe bado unakwenda, mpaka ukutane na kitu. Gari la kisasa limetengenezwa pua yake ijikunje. Inapojikunja inakula pigo, na inakupa muda. Muda wa kufumba jicho tu, lakini kifua kinauhitaji. Chumba unachokaa hakijikunji. Mkanda unakushika. Mfuko unakupokea. Na nguzo ya usukani huingia ndani yake yenyewe, kama antena ya redio, isikuchome. Gari la zamani halili kitu. Linakuachia wewe ulile lote."

"Basi kazi yangu yote nilikuwa natazama nini?"

"Ulikuwa unatazama gari. Ndilo waliloleta kwako."

Muuguzi aliinuka anyooshe mgongo, akaenda hadi ukuta wa nyuma. Aliziona sukani mara nyingi tangu dada yake alipoolewa, na hakuwahi kuzitazama. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Karibu zote zilikuwa zimepinda upande mmoja, upande wa chini, kuelekea mbele.

"Hizi zimepindwa na nini, shemeji?"

"Na ajali."

"Usukani uko ndani ya gari. Ajali iko nje. Nini kiliufikia?"

Muuguzi hakungoja jibu. Aliutungua mmoja, akauweka kifuani pake. Palipopinda palimkaa chini ya matiti, sawasawa, kama nguo iliyopimwa.

Akasoma maandishi. "Mwashi. Huyu namkumbuka. Alikufa juu ya meza ya upasuaji." Akaurudisha, akashika mwingine. "Mwenye Kinu. Siku nane. Mshonaji alipona, lakini hakushona tena. Dereva wa Shamba alifika ameshakufa. Mchonga Mawe..."

"Basi, shemeji."

"Mchonga Mawe alipona. Tuwe wa haki. Wapo waliopona."

Alizipitia zote. Kati ya arobaini na moja alizikumbuka kumi na tisa. Wanne walikuwa wamepona vizuri. Nyingine hakuzijua, na hakudai kuzijua. Fundi alikuwa amehudhuria misiba ile mingi. Alikuwa amekaa kwenye mikeka, akatoa rambirambi, kisha akarudi kazini kunyoosha gari la marehemu ili warithi wake waliendeshe. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuunganisha msiba na msumari.

Shemeji alipoondoka, Fundi alipanda ndani ya Babu. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akatoa futikamba yake mfukoni. Alipima kutoka kifuani pake hadi kwenye usukani. Ilikuwa inchi ishirini. Bintiye alikuwa mfupi kuliko yeye. Angesogea mbele zaidi.

Alishuka, akalala chini ya gari na tochi. Alifuata nguzo ya usukani kwa kidole. Ilikuwa fimbo moja ya chuma, nene, isiyo na kiungo. Ilianzia katikati ya usukani na kuishia mbele kabisa, nyuma ya bampa. Hapo hapo alikuwa amechomelea ngao ya reli. Pigo lolote la mbele lingekuwa na njia iliyonyooka. Alikuwa ametengeneza mkuki mwaka mzima, ncha yake ikitazama kifua cha mwanawe.

Na mtoto? Mtoto alikuwa apakatwe mbele na msichana wa kumlea, mbele ya dashibodi ya chuma.

Fundi alitambaa akatoka. Alimpigia bintiye simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Lile gari la kliniki, ulikataa kwa maneno au kwa barua?"

"Kwa maneno. Ulisema nikatae."

"Nenda kalikubali."

"Baba, unaumwa?"

"Sijambo. Mbao amefariki. Gari lake ni zima kabisa."

Binti alikuwa mkunga na alizoea kusikia habari mbaya zikitolewa vibaya. Hakuuliza zaidi. "Mkubwa wangu atanicheka," alisema. "Nilimwambia gari lao la karatasi."

"Acha acheke. Mwambie baba yako ndiye aliyekosea. Kisha uliniletee hapa kesho. Nataka kuliona."

Alhamisi gari la kliniki lililetwa, na Fundi alilikagua kwa saa tatu. Gari jipya likigongwa likanyooshwa ovyo si jipya tena, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Alifungua boneti akatafuta alama za kuchomelea kwenye vyuma vile vinavyopaswa kujikunja. Aliminya kifuniko cha mfuko wa hewa kuona kama kimebandikwa kwa gundi. Aliwasha gari akatazama taa ndogo ya mfuko wa hewa. Ikawaka, ikazimika, kama inavyopaswa. Isingewaka kabisa, au ingebaki inawaka, angelirudisha. Alivuta kila mkanda kwa nguvu ili aone kama unakamata.

"Umejuaje pa kutazama, baba?"

"Ndimi niliyekuwa nikificha," alisema.

Ilikuwa kweli. Mara ngapi alipewa gari ambalo mfuko wake umetoka, akaziba tundu kwa kipande cha plastiki na rangi? Mara ngapi alichomelea nondo ndani ya chuma cha kujikunja, akamwambia mteja, "Sasa ni imara kuliko lilivyotoka kiwandani"? Hakuhesabu. Aliogopa kufika mwisho.

Ijumaa walifunga mizigo kwa kamba ili isiruke. Kiti cha mtoto kilifungwa nyuma, kwa mkanda, na Fundi alikitikisa mpaka gari zima likatikisika. Mjukuu alilia. Alitaka kupanda babu wa chuma.

"Babu wa chuma ana kifua kigumu," Fundi alimwambia. "Hafai kukumbatiwa."

Kisha akamgeukia bintiye. "Hili nalo si hirizi. Asiyefunga mkanda, mfuko hautamwokoa. Pengine utamuumiza. Kila mtu, kila safari, hata ya kwenda kununua chumvi."

"Nimesikia, baba."

"Na ukienda kasi, hakuna pua inayotosha."

Jioni ile Fundi alikata ngao ya Babu kwa gesi. Akang'oa nguzo ya usukani, asije mtu akalishawishi kutembea tena. Gari likasukumwa hadi uani. Mkewe alilizunguka mara mbili, akalifungua mlango wa nyuma, akaingiza kuku.

"Mwaka mzima nakuomba banda jipya," alisema. "Hatimaye nimepata lisilobonyea."

Miezi mitatu ilipita. Wateja watatu walikuja kutaka ngao, wakakataliwa, wakaenda kwa jirani, wakafungiwa huko. Wema wa mtu mmoja haufungi gereji ya jirani. Mmoja alisimulia mjini kwamba Nyoosha amezeeka. Fundi hakubisha. Alikuwa amezeeka siku moja ya Jumatano.

Kisha Jumamosi moja, saa nne asubuhi, gari la kuvuta liliingia langoni na honi.

"Nyoosha! Mlo!" Mvutaji aliruka chini. "Lori la kokoto limehama upande kwenye kona. Wamegongana hivi, pua kwa pua. Hili sidhani kama lina mtu wa kuliulizia."

Fundi aliisoma namba ya gari. Hakuhitaji kuisoma mara ya pili. Bintiye alikuwa ameahidi kuja Jumamosi hiyo.

Mbele hakukuwa na mbele. Boneti ilikuwa imepanda juu ya kioo. Tairi moja lilikuwa limelala chini ya injini. Miezi mitatu nyuma angekaa chini akalia. Sasa alitembea hadi mlango wa dereva.

Alivuta mlango kwa vidole viwili. Ulifunguka.

Mfuko wa hewa ulining'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Aliusogeza. Chini yake alipapasa usukani kwa viganja vyote, kuanzia juu, kulia, chini, kushoto, mpaka alikoanzia. Ulikuwa mviringo. Alipapasa tena. Ulikuwa mviringo.

Alitazama nyuma. Kiti cha mtoto kilikuwa pale pale alipokifunga. Mikanda yake ilikuwa imefunguliwa, haikukatwa. Mtu aliifungua kwa mkono uliotulia. Kiatu kimoja kidogo kilikuwa sakafuni.

Kisha alitazama kiti cha abiria wa mbele. Mkanda ulikuwa umefungwa, lakini ulilala bapa juu ya kiti. Mtu aliukalia. Watu hufanya hivyo ili gari liache kupiga kelele. Mbele ya kiti hicho kioo kilikuwa na tundu la ukubwa wa kichwa.

Simu ililia. Alikuwa shemeji.

"Shemeji, keti chini kwanza. Wako kwangu wote wawili..."

"Najua," Fundi alisema. "Binti ana alama ya mkanda shingoni. Mtoto hana kiatu kimoja."

"Nani amekuambia?"

"Gari." Alifuta uso kwa kofia. "Na wa mbele je?"

"Ni mwenzake wa maabara. Aliomba lifti. Binti anasema alimwambia afunge mkanda, akajibu unambana. Hakufika kwetu, shemeji."

"Najua hilo pia."

Mvutaji alikuwa amesimama karibu, ndoano ya kuvutia mkononi, amesikia nusu ya mazungumzo na kuelewa robo yake. Alikohoa.

"Sasa, Nyoosha, hili utalinyoosha kwa siku ngapi?"

"Halinyooshwi," Fundi alisema. "Limekwisha kufanya kazi yake."

Alichukua bisibisi na spana kabla hajakwenda hospitali. Mkewe alimfokea kwamba huu si wakati wa kazi. Hakumjibu. Aliufungua usukani ule, akautundika kwenye ukuta wa nyuma, msumari wa mwisho. Juu yake aliandika Mkunga.

Upo pale ukutani hadi leo. Mteja akija kutaka ngao, Fundi habishani naye. Humpeleka ukutani, humwacha asome majina taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Mteja akiwa na haraka, Fundi humwanzishia na ule wa mviringo, kisha humwomba apapase uliopinda kando yake.